Kemuma na Mzinga wa Anti Pamela

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kemuma aliteka maji kijitoni na kuyamwagilia matikiti ya mama yake, Mama Jedidah. Shamba lao lilikuwa nje kidogo ya mji wa Awendo, limezungukwa na miwa pande tatu. Upande wa nne aliishi Anti Pamela, fundi cherehani, ambaye alikuwa ametundika mzinga wa nyuki mpakani. Kutwa nzima alikuwa mjini akishona sare za shule, na mzinga wake aliuangalia msimu wa kurina asali tu.

Kemuma hakuwapenda nyuki hao hata kidogo. Sabato moja, mmoja wao alimuuma kwenye kope, akaenda kanisani jicho limefura kama andazi. Wenzake wa kwaya walicheka hadi wakakosea wimbo.

"Nyuki hawa watanitambua!" aliapa.

Kesho yake, Mama Jedidah alipokwenda sokoni, Kemuma alijifunika blanketi, akawasha matambara na pilipili kavu chini ya mzinga. Moshi ulipanda. Nyuki walitoka wakivuma, wakazunguka hewani kama wingu jeusi, kisha wakaenda zao. Kemuma alifukia majivu, akaingia nyumbani akipiga mbinja. Hakumwambia mtu.

Wiki zikapita. Matikiti yalitambaa vizuri na kujaa maua ya manjano. Lakini kila tikiti changa lilipofika ukubwa wa kidole gumba, lilinyauka na kuanguka. Mama Jedidah, ambaye msimu ule hakuwa na tegemeo jingine, aliyaokota na kuyatia kwenye beseni.

"Hizi mbegu ni feki!" alisema. "Maurice ameniuzia takataka. Leo atanieleza. Twende, Kemuma, ubebe beseni."

Duka la Maurice lilikuwa limejaa wateja. Mama Jedidah alilitua beseni juu ya meza, kishindo kikasikika hadi nje.

"Angalieni mbegu za huyu mtu! Msije mkasema hamkuonywa."

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika pakiti ya mbegu aliirudisha rafuni polepole.  Maurice aliokota tikiti moja, akaligeuza huku na huku.

"Mama Kemuma, mbegu ni nzuri. Watu wa Uriri wamezipanda na wanavuna. Hivi vitikiti vimekosa nyuki. Kwenu kuna nyuki?"

"Nyuki? Wamejaa kwa jirani yangu Pamela! Usinizungushe!"

Mwanamke mwingine alijitoa kwenye foleni, akaondoka. Kemuma alimtazama Maurice, akaona jinsi jasho lilivyokuwa likimtoka kwenye paji la uso.  Ni yeye peke yake katika duka lile aliyejua kwamba mzinga ule ulikuwa mtupu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hakuna nyuki. Niliwafukuza kwa moshi."

 Mama Jedidah alimtazama binti yake. Kisha akamgeukia muuza duka.

"Maurice, nimekukosea mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu hao hao."

Maurice alishusha pumzi, akatabasamu. "Yameisha, mama. Na shamba bado halijafa. Wakati wa kutoa maua haujakwisha."

Aliwaeleza kwamba tikiti lina maua dume na maua jike. Ua jike lina kitikiti kidogo nyuma yake. Nyuki anapotafuta chakula, unga wa ua dume, yaani chavua, humganda mwilini, naye huupeleka kwenye ua jike. Bila unga huo tunda halikui. "Kwa sasa," alimaliza, "mtaifanya kazi hiyo kwa mikono. Mapema, maua yanapofunguka."

Jioni hiyo Kemuma alikwenda peke yake kwa Anti Pamela, akamwambia yote. 

"Nyathina, mwanangu," Anti Pamela alisema, "ungeniambia wamekuuma, ningeusogeza mzinga mbali na njia yenu. Kesho tutausafisha pamoja."

Waliusafisha, wakaupaka nta ndani ili harufu yake iwavutie nyuki, wakautundika upande wa pili wa boma. Na kila asubuhi Kemuma na mama yake waliinama shambani, wakichuma maua dume na kuyagusisha kwenye maua jike. Kufikia mstari wa nne, mgongo wa Kemuma ulikuwa ukiwaka moto na pua yake ilikuwa ya manjano.

"Mama, kwani nyuki hawachoki?"

"Waulize wakirudi," Mama Jedidah alijibu, na wote wawili wakacheka.

Siku ya kumi na moja, Kemuma alisikia mvumo. Kundi jipya la nyuki lilikuwa likiingia mzingani.

"Anti! Wamekuja! Wamekuja!" alipiga kelele akikimbia, kandambili moja ikabaki matopeni.

Matikiti yalipoiva, Mama Jedidah alimpelekea Maurice moja kubwa. Jingine walilipasua kwa Anti Pamela.

"Kemuma," Anti Pamela alisema, "nyuki hujitafutia chakula chake, lakini kwa kazi hiyo hiyo hutupa sisi asali mzingani na matunda shambani. Ukimfukuza, unafukuza mavuno. Na tena, ulipokosea ulikuwa na ujasiri wa kusema kweli kabla mtu mwingine hajaumia zaidi kwa kosa lako. Ukweli ule ndio uliotuonyesha la kufanya."

Kisha akatoa kikapuni kofia pana aliyoizungushia wavu wa pazia. "Nimekushonea. Msimu huu utarina asali pamoja nami."

Kemuma aliivaa pale pale. Alikataa kuivua hata alipopewa kipande cha tikiti, akakisukuma mdomoni, kikagonga wavu na kumlowesha kidevu chote, huku mama yake akicheka hadi machozi yakamtoka.