Alama Iliyovuka Mstari

Jumamosi saa nne asubuhi lango la soko lilikuwa limeziba. Wenye mikokoteni walitaka kutoka, wenye vikapu walitaka kuingia, na katikati yao fundi wa mabango alikuwa amesimamisha ngazi. Mguu mmoja wa ngazi ulikalia kipande cha ubao kwa sababu sakafu pale ilikuwa na bonde. Ukutani alikuwa amechora uso wa diwani wa kata, ambaye ni kaka yake, na kando yake kisanduku kikubwa chenye alama ya vema ya rangi ya bluu. Chini ya kisanduku aliandika: PIGA HIVI.

"Dada, hebu nishikie ngazi kidogo," alisema bila kutazama chini. "Inayumba."

"Mimi sishiki ngazi ya chama chochote."

Akatazama. Alimwona mwanamke wa miaka kama thelathini, blauzi ya manjano, sketi ya kijivu iliyonyooshwa pasi bila huruma, na kwapani rula ya mbao ya mita nzima.

"Ngazi haina chama. Ngazi ni yangu."

"Na kazi?"

"Kazi ni ya kaka."

"Basi kaka aje aishike. Tena mwambie alama yake imetoka nje ya kisanduku."

Ilikuwa kweli. Mguu mfupi wa ile vema ulivuka mstari wa chini na kuishia kwa kikunjo kama ndoana. Fundi alitumia nusu saa kuupata ule mkunjo na alikuwa anaupenda.

"Hayo ni madoido, dada."

"Hilo ni kosa. Mwanafunzi wangu akinichorea hivyo namkata maksi mbili."

"Unafundisha nini?"

"Hesabu."

"Nilijua. Mwalimu wa kuchora angenielewa."

"Mwalimu wa kuchora angekuonea huruma."

Mkokoteni ukagusa ngazi, brashi ikamponyoka fundi, na tone la bluu likatua kwenye mkono wa ile blauzi ya manjano. Alishuka haraka na kitambaa chenye mafuta ya taa. Doa halikutoka. Aliomba namba ya simu ili alete blauzi nyingine. Alijibiwa kwamba blauzi zipo, muda ndio haupo. Namba akapewa.

Kwa wiki nne zilizofuata simu zao zilikuwa hivi:

"Rula yangu, umekula?"

"Nasahihisha madaftari."

"Sijauliza unafanya nini."

"Nimekula, Madoido. Na wewe, bado hujaanguka?"

"Nakungoja uwepo. Nianguke bure bila mtu wa kunicheka?"

Yeye akawa Madoido na mwenzake akawa Rula. Walionekana kwenye kibanda cha chai nyuma ya shule, fundi na ovaroli lake lenye rangi saba, Mwalimu na kalamu nyekundu sikioni, wakibishana kama watu waliooana miaka ishirini. Wiki ya tatu fundi alisema anataka kwenda kwao Rula kuposa. Wazazi wake walikuwa wamefariki, kwa hiyo wa kumsemea ni kaka mtu.

"Nishinde kwanza," Diwani alimwambia. "Niende kwa huyo mzee nikiwa na cheo changu. Nani anampa binti yake mdogo wa mtu aliyeshindwa?"

Jambo moja dogo lilitokea wiki ile. Gari la kampeni la Diwani lilisimama mbele ya darasa la Mwalimu, spika juu, wanafunzi wakiwa katikati ya mtihani. Mwalimu akamwandikia fundi: "Kaka yako akishinda tena nahama mji huu, wewe ubaki naye." Fundi alicheka. Jioni ile alimwonyesha kaka yake mezani, na Diwani naye akacheka. Lakini Diwani hakuwa mtu wa kusahau alichokichekea.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi Mwalimu aliteuliwa kusimamia kituo cha kura, kwenye ukumbi wa zahanati nyuma ya soko.

"Kuanzia leo mpaka matokeo usinipigie," alisema. "Usije shuleni. Tukikutana njiani, habari na nzuri, basi."

"Hata ujumbe?"

"Hata ujumbe."

"Na nikikukumbuka?"

"Chora kitu. Ndani ya mistari."

Chama cha Diwani kilikuwa kimeshika baraza la mji kwa miaka kumi na tisa. Baraza lilikuwa na viti ishirini na kimoja. Jumatatu asubuhi matokeo yalipotimia, wapinzani walikuwa na kumi na kimoja, na hicho cha kumi na moja kilikuwa kata ya soko. Diwani alishindwa kwa kura kumi na saba. Vituo vingine vitano vya kata vilikuwa na kura mbili tatu zilizoharibika. Kituo cha Mwalimu kilikuwa na thelathini na moja.

Mji haukuhitaji maelezo zaidi. Kabla ya saa sita mtu alikuwa ameandika kwa makaa kwenye ukuta wa soko, chini ya picha ya Diwani: MWALIMU MWIZI. Mzazi mmoja alikuja kumtoa mtoto darasani, akampita Mwalimu mlangoni bila salamu. Kwenye ofisi ya chama, wanaume waliokuwa wamezoea kuitwa waheshimiwa walikaa na kutazamana.

"Umelala na nyoka," Diwani alimwambia mdogo wake Jumanne asubuhi. "Thelathini na moja. Nieleze wewe, fundi wa mapenzi. Thelathini na moja zinaharibikaje kituo kimoja?"

"Wakala wetu alikuwepo, kaka. Alitia saini."

"Wakala wetu alikuwa anasinzia. Hebu lete simu yako, nione picha ya lile bango."

Fundi alimpa. Diwani hakutafuta picha. Alitafuta ujumbe, akautuma kwa wakili wa chama, akarudisha simu.

"Kaka, ule ulikuwa utani."

"Ataueleza kwenye ukumbi wa baraza. Wakiona alikuwa na chuki na mimi, uchaguzi wa kata unarudiwa, yeye anakwenda mahakamani, na baraza linarudi kwetu. Alhamisi wanafungua bahasha ya kura zilizoharibika. Wewe unaingia kama wakala wangu. Kazi yako ni moja, kumtazama usoni."

Fundi alirudisha simu mfukoni. Hakumpigia Mwalimu Jumanne, wala Jumatano. Kwa mara ya kwanza alijiuliza swali ambalo mji mzima ulikuwa unaliuliza, na kila alipoihesabu ile thelathini na moja alipata jibu lile lile. Mtu mwenye rula ya mita nzima hakosei kwa bahati mbaya.

Alhamisi saa nne ukumbi wa baraza ulijaa. Feni ilikuwa inalia juu. Mwalimu alivaa gauni la kijani kibichi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikaa peke yake upande wa kulia. Viti viwili kila upande wake vilibaki vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama. Fundi alikaa mbele yake, nyuma ya wakili.

Wakili alianza na ujumbe. Aliusoma polepole, mara mbili. Kicheko kibaya kikapita ukumbini.

"Haya ni maneno yako, Mwalimu?"

"Ni yangu."

"Uliyaandika kwa nani?"

Mwalimu alimtazama fundi, kama mtu anayesoma tarakimu ya mwisho ya hesabu ndefu. "Kwa mtu niliyedhani ninamjua."

"Na ulihesabu kura za Diwani ukiwa na nia ya kuhama mji akishinda."

"Nilihesabu kwa kanuni. Alama ikigusa visanduku viwili, kura imeharibika. Kanuni haikuniachia nafasi ya kupenda wala kuchukia. Fungueni bahasha."

Msimamizi mkuu, mzee mwenye miwani iliyoshikwa kwa uzi, alikata lakiri na kupanga karatasi thelathini na moja mezani. Mawakala waliitwa. Fundi aliinuka kwa sababu aliitwa.

Kwenye kila karatasi, kisanduku cha juu kilikuwa cha Diwani, kisanduku cha chini kilikuwa cha mpinzani wake. Kwenye kila karatasi vema ilianza kwa kaka yake, mguu mfupi ukashuka, ukavuka mstari, ukaingia kwa mpinzani na kuishia kwa kikunjo kama ndoana. Mikono ilikuwa thelathini na mmoja tofauti, mingine ya wazee iliyotetemeka, lakini mkunjo ulikuwa mmoja. Mabango ya karatasi yaliyobandikwa kwenye kata nzima yalikuwa na vema ndogo ya kiwandani. Uliochorwa kwa mkono ulikuwa ukuta mmoja tu, na watu waliopigia kura zahanati hupita mbele yake kila siku. Akakumbuka na maneno ya kaka yake jukwaani sokoni: "Pigeni kama ukutani. Msipunguze, msiongeze."

"Wakala ana la kusema?" aliuliza msimamizi.

"Hana," alisema Diwani kutoka nyuma.

"Ninalo." Fundi alichukua kalamu ya wino mzito mezani na karatasi tupu. Akachora kisanduku, akachora vema, akamaliza kwa mkunjo. Akaiweka kando ya zile nyingine. "Huu mkia ni wangu. Uko ukutani sokoni, na chini yake nimeandika wapige hivyo. Walitutii. Mwalimu aliniambia siku naichora kwamba imetoka nje. Nilimwambia ni madoido."

Msimamizi alivua miwani, akaivaa tena, akatazama karatasi moja baada ya nyingine. Ilimchukua dakika kumi.

"Kura zimeharibika," alisema mwishoni. "Matokeo yanabaki. Sioni upendeleo wa msimamizi wa kituo."

Diwani alimngoja mdogo wake kwenye ngazi za ukumbi, mbele ya watu wote.

"Umeniuza kwa sketi."

"Nimesema nilichokiona, kaka."

"Miaka kumi na tisa ya chama, unaiua kwa brashi halafu unakuja kujisifu. Wewe huna kaka. Ukiona nakufa, pita."

Fundi alimfuata Mwalimu kwa simu, kwa sababu kwa miguu hakuthubutu. Ilipokelewa mlio wa nne.

"Rula yangu."

"Mimi ni Mwalimu."

"Kaka aliichukua simu, akautuma ule ujumbe mwenyewe."

"Siku gani?"

"Jumanne."

"Ulimwona akiutuma?"

"Nilimwona."

"Leo ni Alhamisi. Ulikaa siku mbili ukijua naingia mle ndani kuchinjwa, hukunipigia."

"Ulinikataza nisipige."

"Mpaka matokeo. Matokeo yalitoka Jumatatu. Usinifundishe kuhesabu."

"Nilikuwa na mashaka," alisema fundi. "Nilidhani labda ulifanya kweli."



"Asante kwa kusema ukweli," alisema Mwalimu. "Ungeuanza Jumanne." Akakata.

Baraza jipya liliapishwa, likaamuru kila mgombea afute picha zake kwenye kuta ndani ya siku kumi na nne. Diwani wa zamani alisema walioshinda wafute wenyewe. Jumamosi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, fundi alisimamisha ngazi kwenye lango la soko na ndoo ya rangi nyeupe. Ule ubao wa kuweka chini ya mguu ulikuwa umeibwa.

Alianza na maneno ya makaa. Aliyafunika mara tatu, mpaka hakuna herufi iliyoweza kusomeka. Kisha akapanda kwenye uso wa kaka yake.

"Fundi," muuza nyanya alipaza sauti, "ukimaliza kumfuta kaka, futa na ukoo wenu."

"Mwache," mwingine akadakia. "Anapaka nyeupe moyoni."

Alichovya brashi. Sokoni hakuna aliyekuwa anamwagiza kazi tena. Wa chama cha zamani walimwita msaliti, wa chama kipya walimwita mdogo wa Diwani. Alikuwa amefika kwenye paji la uso aliposikia sauti chini.

"Inayumba."

Ilikuwa blauzi ile ile ya manjano. Doa la bluu lilikuwa bado kwenye mkono, limefuliwa mpaka likawa la kijivu.

"Najua," alisema fundi. "Ubao wameiba."

Mwalimu aliegemeza rula ukutani, mbali na rangi mbichi, akashika ngazi kwa mikono miwili. Mikokoteni ikasimama. Mtu akapiga mluzi. "Ndio hao," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "mwizi na msaliti wake." Mwalimu hakugeuka, ila vidole vyake vilikaza.

"Umenisamehe?" fundi aliuliza huku akipaka.

"Hapana. Ngazi inayumba."

Alipaka macho. Alipaka pua.

"Sina mtu wa kumtuma kwenu," alisema. "Kaka hanisalimii."

"Nani kakwambia baba alikuwa anamngoja kaka yako?"

"Anamngoja nani?"

"Mtu wa kumjibu swali moja. Zile siku mbili ulikuwa unafikiri nini?"

"Nikimjibu ukweli atanifukuza."

"Huenda. Mimi sikukufukuza, nilikata simu tu. Njoo mwenyewe, Madoido, kesho saa kumi. Na ukiulizwa, usichukue siku mbili kujibu."

Fundi aliacha kupaka kidogo. Halafu akahamia kwenye kisanduku na kufunika ile vema kubwa, mkono mrefu kwanza, kutoka juu kwenda chini. Alichovya brashi, akarudia, akaegemea nyuma kutazama kazi yake.

"Umebakiza," alisema Mwalimu.

"Wapi?"

"Chini kushoto. Nje ya mstari."

Alishuka vipandio viwili, akaufunika ule mkunjo. Mwalimu hakuiachia ngazi mpaka mguu wa pili wa fundi ulipogusa sakafu.