Kwa nini Abigaël alitaka kuacha kazi

Mama Consolate anapika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yake, mjini Kalemie. Wafanyakazi wake wanachemsha mafuta, wanatia soda kali ya sabuni, wanakoroga. Sabuni ikiganda, wanaikata vipande.

Mwezi wa tatu, wafanyakazi wawili waliacha kazi. Juma lililofuata Abigaël, anayejua kukoroga kuliko wote, alimwambia, "Mama, Jumamosi hii njo siku yangu ya mwisho. Nitaenda kulima na mama yangu kule Zongwe."

"Nimekukosea nini? Mushahara haujachelewa hata mara moja."

Abigaël aliendelea kukoroga.

Mama Consolate alivuka barabara kwa jirani yake, Papa Siméon. Papa huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika biro, yaani ofisi, ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja.

"Watu wa siku hizi hawapendi kazi," Mama Consolate alilalamika.

"Abigaël anapumzika siku gani?" Papa Siméon aliuliza.

"Siku kazi ikiwa kidogo. Ninamwambia asubuhi akifika."

"Mutoto wake akiugua, anapata ruhusa?"

Mama Consolate alikumbuka. Juma lililopita Abigaël alikuwa ameomba ruhusa hiyo. Naye Mama Consolate akamfokea mbele ya wanunuzi.

"Mushahara ni haki yake," Papa Siméon alisema. "Lakini muntu anataka pia kujua atapumzika lini. Anataka kuheshimiwa. Akikosea kazini, umwite pembeni. Uwaulize wenyewe, Mama. Na wakijibu, usijitetee."

Kesho yake, kabla ya kuwasha moto, Mama Consolate aliketi na wafanyakazi wake watatu waliobaki. Akawauliza ni nini kinawachosha. Jean-Luc, mkataji wa sabuni, akanyoosha mikono. Soda ilikuwa imemla ngozi ya vidole.

"Tuliomba glavu tangu Noeli," alisema.

Mama Consolate alitaka kusema kwamba alisahau. Akafunga mdomo.

Abigaël naye akasema polepole, "Siku ile mutoto alikuwa anatetemeka na malaria. Wewe ulisema ninadanganya."

Maneno hayo yalimchoma Mama Consolate. "Nilikosa," alijibu. "Unisamehe."

Siku hiyohiyo alinunua glavu za kila mmoja. Wakapanga pamoja zamu za kazi na siku za kupumzika, wakaziandika kwenye karatasi ukutani. Wakapatana kwamba mwenye mgonjwa nyumbani atatuma habari, na wenzake watashika kazi yake. Ijumaa Mama Consolate alisahau, akamfokea Jean-Luc. Lakini baadaye alimwita pembeni, akamwomba msamaha.

Jumamosi ilifika. Abigaël alimaliza kukoroga, akavua glavu, akazisuuza. Mama Consolate alimngoja aage.

"Mama," Abigaël alisema, "karatasi inaonyesha ninapumzika Jumanne. Basi tutaonana Jumatatu."

Mpaka leo yupo. Mwezi wa nane, mmoja wa wale walioacha kazi alikuja kuuliza kama nafasi yake ingalipo.