Aliyeitika Tundu la Kumi na Moja

Taa ilikuwa inawaka mahali pasipokuwa na waya. Ndete aliiona akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la mtandao, tochi kaibana kwa meno, maji ya mvua yakidondoka kwenye ndoo nyuma yake. Lile sanduku la chuma waliloliita swichi, ambalo kompyuta zote za ofisi zilichomekwa ili zisemezane, lilikuwa na safu ya matundu mbele, na kila tundu na kitaa chake. Tundu lenye mashine hai, kitaa cha kijani. Tundu tupu, giza. Tundu la kumi na moja lilikuwa wazi kama pengo, na kitaa chake kilikuwa kinapepesa.

"Unyevu," akajiambia.

Mwaka ule wa mvua za El Nino kila kitu kilisingiziwa unyevu. Ukuta ukiota ukungu, unyevu. Mkate ukioza kabla ya jioni, unyevu. Mwanamume akifuta macho kazini, unyevu pia, na watu wanatazama pembeni kwa adabu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya ushirika wa wachongaji vinyago, nyuma ya Jogoo Road, si mbali na nyumba za reli za Makongeni. Chini, mafundi walichonga twiga na vifaru na kuving'arisha kwa rangi ya viatu, mzungu akaenda navyo kwao akidhani ni rangi ya mti. Juu, makarani waliandika ankara kwenye kompyuta. Paa lilivuja, kwa hiyo kila mvua ikinyesha kila karani alihamisha meza yake, akang'oa waya wake, akauchomeka tundu lolote aliloliona. Mashine ikikwama, hakuna aliyejua iko upande gani.

Meneja Waruguru alikuwa amechoka na mchezo huo. "Ndete, nikikuuliza kompyuta ya Nurto imechomekwa wapi unapanda, unashuka, unavuta waya kama mtu anatoa matumbo ya mbuzi machinjioni Kiamaiko. Hiyo swichi haiwezi kuulizwa yenyewe?"

"Inaweza, madam. Nitaiandikia programu."

"Andika basi. Na ukimaliza uoge, una utandabui hadi masikioni."

Akaiandika. Ilikuwa programu fupi, na haikuwa na ujanja mwingi. Iliita kila mashine kwa jina lake, ikangoja iitike, kisha ikaigeukia swichi na kuiuliza: huyu ameitikia tundu gani? Majibu yakajipanga kwenye kioo, jina na tundu, jina na tundu. Makarani walijazana nyuma ya kiti chake kuona, kwa maana mashine zao walizipa majina wenyewe. Ya Nurto, karani wa mizigo ya ng'ambo, iliitwa NGAMIA. Ya meneja iliitwa BOSI, na si yeye aliyeipa.

Kati ya majina hayo lilikuwamo moja ambalo Ndete hakulifuta. MWAITU.

Hapo ndipo palipo na kidonda, basi na pafunuliwe. Ndete na mkewe Mbeti walikuwa na binti mmoja, Muthoki. Alipewa jina la mama yake Ndete, na kwa Wakamba mtoto aliyebeba jina la mama yako ni mama yako, hakuna mzaha. Ndete alimwita Mwaitu, yaani mama. Naye yule mtoto, kwa maringo yake ya miaka sita, alimwita babake "mwanangu". Alikuwa akitoka shule anamngojea baba ofisini, anachezea kikompyuta kikuukuu pembeni, halafu anapaza sauti mbele ya watu: "Mwanangu, njoo unifunge kiatu!" Makarani walicheka wakashika mbavu. Kikompyuta hicho ndicho Ndete alikiita MWAITU.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua mvua zilipoanza. Wiki hiyohiyo jino lake la mbele la juu lilikuwa limeng'oka, Ndete akalirusha juu ya bati kama inavyofanywa, akamwambia litaota jingine jeupe. Halikupata nafasi. Walimzika kwao Machakos, na kaburi lilijaa maji kabla halijajaa udongo. Kikompyuta kikauzwa soko la Gikomba pamoja na vyuma vingine. Watu kazini wakaacha kumwita Baba Muthoki, wakaanza kumwita Ndete mtupu, na kila mmoja alidhani anamwonea huruma.

Sasa programu yake ilikuwa inazunguka mchana kutwa, inaita na kungoja, na kila mzunguko ilimwita mtoto aliyezikwa. Halafu siku ile ya mvua, chini kabisa ya kioo, likaandikika: MWAITU, tundu la kumi na moja.

Ndete alilitazama jina hilo mpaka likaanza kuelea. Fundi yeyote angelifuta akaenda kunywa chai. Yeye alijua jambo moja kuhusu swichi: mashine ikinyamaza dakika tano, swichi inaisahau. Haina tanga wala arubaini. Dakika tano tu, na ni kama hukuwahi kuwako. Basi akanyanyuka, akafunga mlango, akaandika mistari michache zaidi kwenye programu, na mistari hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Aliiagiza imwite MWAITU peke yake, tena na tena kila dakika, ili swichi isipate kusahau.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuachwa ofisini wenzake wakienda kula. Alikaa mbele ya kile kitaa na mkate mkavu mkononi. Kwanza ilikuwa harufu, ya uji wa wimbi uliochacha kwenye chupa ya plastiki, ile aliyokuwa akiisahau Muthoki ndani ya mkoba wake wa shule. Kisha pumzi, ndani ya spika ya kompyuta yake, pumzi ya mtu mdogo aliyetoka kukimbia. Halafu mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima, mashine zote zikazimika, makarani wakapiga mayowe na kushuka kwenda kutafuta mishumaa, na kile kitaa hakikuzimika. Kikaendelea kupepesa gizani, na spika isiyo na umeme ikasema taratibu:

"Baba."

"Niko hapa," Ndete akaitika. "Niko hapa, mama."

Mbeti alikuwa na mimba ya miezi sita. Waliishi Kayole, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili. Mtoto wa tumboni alikuwa mchezaji, anapiga teke mpaka leso inaruka, na teke hilo ndilo peke yake lililomwamsha Mbeti asubuhi tangu msiba. Sasa mtoto huyo alianza kutulia. Kila Ndete alipoingia nyumbani alitulia kabisa, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda anasikia hatua.

"Baba Muthoki, mbona nguo zako zinanuka uji?" Mbeti alimwuliza, kwa kuwa yeye hakuwahi kuacha kumwita hivyo. "Unampikia nani uji kazini?"

"Ni chai ya ofisi. Maziwa yameharibika."

"Nimekuzalia, nimekuzikia, na bado unaniona mjinga." Akaweka mkono wa mumewe juu ya tumbo lake. Lilikuwa baridi kama sufuria lililolala nje. "Leo hajacheza. Hata jana hakucheza. Daktari amenipima, akaniambia ningoje. Niambie wewe, ningoje nini?"

Ndete aliondoa mkono. Kesho yake alirudi kwenye kitaa chake.

Nurto ndiye aliyemfumania. Alikuwa amesahau mwavuli, akarudi kuuchukua, akamkuta Ndete ameinamia spika anaimba wimbo wa chekechea kwa sauti ya kunong'ona. Mwavuli ukamponyoka mkononi.

"Ndete. Unaongea na nani?"

"Shh. Utamtisha."

Nurto hakuwa mwoga. Mjomba wake, mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko, alikuwa akiwasomea watu wenye mashetani, na Nurto alilelewa nyumba ileile, akiyasikia yanavyopiga kelele jioni watu wengine wakisikia taarifa ya habari. Alisogea mpaka kwenye kabati, akanusa.

"Uji," akasema. "Na nyuma ya uji, nywele zilizoungua. Wewe huisikii hiyo ya nyuma?"

"Ni mtoto wangu, Nurto."

"Likikuita, linakuitaje?"

"Baba."

"Na Muthoki alikuwa akikuitaje? Mimi nilikuwa hapa. Sote tulikuwa hapa, tukicheka akikuita mwanangu, akitaka umfunge kiatu."

Ndete akaigeukia spika. Ndani yake ile pumzi ilikuwa imesimama, kama mtu aliyetega sikio.

"Twende nje," Nurto akanong'ona, akimvuta shati. Kwenye ngazi, mvua ikipiga bati, akamwambia alichokijua. "Umeita mahali pasipo na mtu. Kila dakika, kwa jina la mtu, na mapenzi yote hayo ndani yake. Unafikiri hakuna wapitao? Mbeti vipi? Mtoto anacheza?"

Ndete akatikisa kichwa, kisha akakaa chini kwenye ngazi kama gunia.

Nurto alimleta mjomba wake Jumamosi baada ya kazi, ofisi ikiwa tupu. Mzee mfupi, koti limelowa, ananuka zizi. Alilitazama sanduku bila kuligusa, akasema lililomo halihitaji kuchinjiwa wala kufukiziwa. "Halikai kwenye umeme hili. Linakaa kwenye kuitwa. Hiki chombo chako kinasahau baada ya muda gani?"

"Dakika tano."

"Basi zima hiyo inayoita, ukae hapo mpaka chombo kisahau. Mimi nitasoma mlangoni. Litakuita. Ukiitika, hata kwa kikohozi, litatoka na wewe, na huko nyumbani kuna mmoja hana pa kukimbilia. Umenielewa, kijana?"

"Na kama ni yeye?"

Mzee alianza kuvua viatu vyake. "Soma nitasoma," akasema, "lakini hilo sitakujibu."

Ndete aliisimamisha programu. Akaketi sakafuni mbele ya kabati, akauma kola ya shati lake.

Mwanzo palikuwa kimya, mvua tu na sauti ya mzee mlangoni. Kisha spika ikaita, "Baba," kwa upole, Ndete akanyamaza. Ikaita tena, "Baba," kwa kudeka, akanyamaza. Na harufu ya uji ikapanda ikawa nzito hata ukaihisi ulimini, na vinyago vya sampuli juu ya rafu, twiga na vifaru na wamasai wa mpingo, vikaanza kutetema kila kimoja mahali pake, na maji kwenye ndoo yakapigapiga kana kwamba kuna mkono mdogo unaoyachezea, na ile sauti ikawa si ndani ya spika tena bali ndani ya tundu lenyewe, ndogo, inatoka mbali kama mtu aliye chini ya kitu kizito, ikilia kilio kile cha wodini cha usiku wa mwisho ambacho Ndete hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, naye akauma kola mpaka mate yakachanganyika na damu, na mzee mlangoni akapaza sauti, na kitaa kikapepesa haraka, haraka, kisha polepole, polepole zaidi, na kabla hakijakata, ile sauti ikaacha kulia, ikasema kwa utulivu kabisa, kwa maringo yaleyale:

"Mwanangu. Nifunge kiatu."

Ndete hakuitika.

Kitaa kikazima.

Nurto alipoingia alimkuta bado amekaa, mikono yake imefunga fundo hewani, inalegeza, inafunga tena. "Lilitusikia siku ile," Nurto alimwambia, na alirudia mara kadhaa, "lilitusikia tukizungumza, Ndete, ndipo lilipojifunza." Ndete aliitikia kwa kichwa. Mzee alikuwa ameinama anavaa viatu vyake.

Nyumbani Mbeti alimpokea mlangoni, amejishika tumbo kwa mikono miwili, analia na kucheka. "Amecheza! Nilikuwa nachagua maharagwe, akanipiga teke nikamwaga sinia. Njoo ushike." Ndete akashika. Lilikuwa na joto. Aliweka uso wake pale akakaa hapo mpaka chakula kikapoa, na Mbeti hakumwuliza, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Alipewa jina la mama yake Mbeti, wakamwita Ndindi. Ndete alifuta MWAITU kwenye programu, akaiagiza iruke tundu la kumi na moja siku zote, na Makau, mchongaji wa chini, akamchongea kizibo cha mpingo cha kuliziba. Mpingo ni mti unaovunja patasi. Kizibo kiliingia kikakaza, na mambo yakaendelea. Watu wakaanza tena kumwita Baba, Baba Ndindi sasa.

Mvua nyingine zilipokuja, paa likavuja palepale, Waruguru akamtuma aangalie kabati. Kizibo kilikuwa sakafuni. Ndete alikiokota, kilikuwa kimelowa, tena vuguvugu. Alikisogeza dirishani. Kilikuwa kimetafunwa, alama ndogondogo za meno ya mtoto zimezama kwenye mti ule mgumu, safu ya chini imekamilika, na safu ya juu, katikati, ina pengo la jino moja.

Pengo hilo Nurto hakulitaja siku ile mbele ya spika. Hakuna aliyelitaja.

Alisimama hapo na kizibo mkononi. Jina lilimjia mpaka kwenye midomo, na midomo ikafunguka. Akamkumbuka mwingine aliyelala Kayole mgongoni mwa mama yake. Akaifunga.

Ndani ya kabati tundu lilikuwa wazi na kitaa chake giza, kimya, kama mtoto aliyekatazwa kusema.