Ukungu Katika Mapafu ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Gisèle na rafiki yake Vanessa walichota maji kwenye pampu ya Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Vanessa alikuwa binti wa jirani yao, Mama Apolline. Msimu wa mvua wa mwaka 2014 Vanessa alishikwa na kikohozi kikali. Haukupita muda Gisèle naye akaugua mafua na homa, lakini akapona. Kisha ikawa zamu ya Appolinaire, baba yake Gisèle, na yeye hakupona.

Kifua kilimbana hata jembe likamshinda. Nyanya yake Gisèle, ambaye wote walimwita Koko, alikuwa na jibu tayari, tena alilitangaza mbele ya wanawake wa kanisani.

"Hii ni karuho! Kwetu Kivu tunaijua, ni sumu ya pole pole, inakula mutu mu kifua. Mama Apolline alimutilia mu uji."

Koko alikwenda kwa mganga, akarudi na chupa ya dawa ya kutapisha. Appolinaire akanywa, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Pumzi zilipoanza kukatika, zahanati ilimpeleka Mbarara, kwenye hospitali kubwa. Gisèle na Koko walikwenda kumuuguza.

Huko Appolinaire alilazwa kwenye mashine yenye tundu kubwa la mviringo, inayopiga picha za kifua kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate. Baadaye Daktari Kyomuhendo aliwaita wazitazame. Alikuwa binti wa mwanajeshi, na Kiswahili alikipata katika kambi ya jeshi.

"Ona. Hii nyeusi ni hewa, hapo mapafu iko sawa. Lakini hii nyeupe kama ukungu iko pande zote mbili, mpaka pembeni. Hiyo inafanana na nimonia ya virusi. Ila mutu akitapika, na matapishi ikaingia kwa mapafu, picha inaweza kuwa karibu hivyo. Ndiyo maana nauliza: amekunywa dawa ya nyumbani?"

"Hapana, docteur. Hata kidogo," alisema Koko.

Gisèle aliinamisha kichwa. Asubuhi ile ile alikuwa amemwona Koko akimimina dawa ya mganga ndani ya chupa ya chai. Koko alikuwa amemwonya: "Ba docteur habajue karuho. Ukisema, batatufukuza." Mtoto aliyelelewa vizuri hamkanushi mkubwa wake mbele ya watu, na Gisèle alilelewa vizuri. Lakini baba yake alikuwa akihema kwa taabu kitandani, na hofu ya kumpoteza ikaishinda adabu.

"Anakunywa, docteur," alisema huku akilia. "Iko mu chupa ya chai. Akiinywa anatapika, kisha anakohoa zaidi."

Koko alimkata jicho. Daktari hakugomba. Aliinusa ile chai, akaiweka mbali na mgonjwa, akaagiza aongezewe maji na oksijeni.

"Asante, mutoto. Hiyo ilikuwa inamumaliza nguvu. Sasa sema, nani alikohoa nyumbani kabla yake?"

"Vanessa wa jirani. Kisha mimi."

"Basi nafikiri virusi ilipita hapo, kwa hewa ya kukohoa. Si kosa yako, na si ya jirani. Ila mukikohoa, muzibe mudomo, na munawe mikono."

Tangu siku ile Appolinaire hakutapika tena. Alianza kula, akakaa, akasimama, na mwishowe akarudi Rubondo kwa miguu yake mwenyewe. Aliposikia maneno yaliyosemwa juu ya jirani yake, aliona aibu.

"Mama," alimwambia Koko, "uliyasema mbele ya watu. Uyaondoe mbele ya watu."

Jumapili, baada ya ibada, Koko alisimama mbele ya wanawake wale wale, akamwomba Mama Apolline msamaha. Mama Apolline alilia kwanza. Watu walikuwa wameacha kupita mlangoni kwake, na yeye hakujua sababu. Kisha akampa Koko mkono.

Njiani kurudi nyumbani Koko alimshika Gisèle bega.

"Siku ile ulinipatisha haya mbele ya docteur. Nilikukasirikia mingi. Lakini sikia, mutoto yangu: mficha maradhi, kilio humuumbua. Haya haiue mutu. Uongo yangu ndiyo ingeniulia mutoto."