Nani Anafuta Sauti ya Kwanza?

Fundi saa hakuwa na kinanda. Hakuwa na cheti cha muziki, wala meno ya mbele, kwa hiyo nyimbo alizotunga waliziimba wengine. Zaidi ya yote, hakuwa na imani na kitu chochote ambacho hawezi kukifungua kwa bisibisi.

Kompyuta aliyoletewa na binti yake ilikuwa kitu cha namna hiyo. Lakini angefanyaje? Chama cha kwaya kilikuwa kinatoa kitabu cha nyimbo, na wimbo wake ulichaguliwa. Sharti ni uandikwe kwa kompyuta, sauti ya kwanza na ya pili kwenye mistari mitano ileile ya noti, ufike kabla ya wiki kwisha. Akichelewa, kitabu kitatoka bila yeye.

Basi akaandika sauti ya kwanza, ikakaa vizuri. Kesho yake mkewe alipangusa vumbi mezani, kisha Fundi akakaa kuandika sauti ya pili. Aliinama, pua karibu na vitufe, akibonyeza kwa kidole kimoja na kuchungulia karatasi yake. Alipoinua kichwa, sauti ya kwanza haikuwapo.

"Mama Watoto! Nani amegusa mashine hii?"

"Nimepangusa vumbi tu."

"Vumbi gani linaondoka na noti?"

Mkewe aliimba sauti ya pili. Dada yake Fundi aliongoza sauti ya kwanza. Na mawifi hawa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Fundi akaunganisha mambo: ya dada imefutwa, ya mke imebaki. Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni hadi chai ikapoa.

Akaandika upya sauti ya kwanza. Safari hii ikatoweka ya pili.

"Umeona?" mkewe akaruka. "Wifi alipita hapa kusalimia. Sasa ninafutwa mimi!"

Dada akaitwa. "Kaka, mimi hata kuiwasha siwezi."

"Ndivyo wasemavyo wote," alijibu Fundi.

Akatega mtego. Alipotoka, alilaza uzi mwembamba juu ya vitufe. Aliporudi, uzi ulikuwa palepale. Akatabasamu, akaandika sauti ya pili, akainua kichwa. Sauti ya kwanza imekwenda tena! Jasho likamtoka. Akaanza kumshuku hata binti aliyeileta mashine.

Mwishowe alimwita jirani yake, mwalimu wa kinanda.

"Andika nikuone, Mzee," alisema mwalimu. "Lakini usitazame kidole. Tazama kioo cha mashine."

Fundi akaandika upya mwanzo wa sauti ya kwanza, kisha akabonyeza noti moja ndefu ya sauti ya pili. Papo hapo noti mbili fupi za sauti ya kwanza zikatoweka.

"Umemwona mwizi?"

Fundi alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Mashine haijui kwamba waimbaji ni wawili," mwalimu alieleza. "Umewaandika kama mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kushikilia noti ndefu na wakati huohuo kuimba mbili fupi. Kwa hiyo inabaki iliyoandikwa mwisho."

"Lakini wamesema mistari ileile!"

"Mistari ileile, ila kila sauti na nafasi yake. Ona hapa juu: kitufe cha moja na kitufe cha mbili. Bonyeza moja, andika sauti ya kwanza yote. Rudi mwanzo, bonyeza mbili, ndipo uandike ya pili. Vijiti vya noti za sauti ya kwanza vitatazama juu, vya sauti ya pili vitatazama chini. Mwimbaji hatapotea."

Fundi akafanya hivyo. Ghafla akaruka kitini. "Na hizi alama za kimya? Sikuziandika! Kuna mtu humu!"

Mwalimu alicheka hadi akashika meza. "Hakuna mtu, Mzee. Zinaonyesha pale ambapo sauti ya pili bado hujaiandika. Ukiweka noti, zinaondoka."

Kweli, zikaondoka moja moja. Sauti ya kwanza haikutikisika.

Mwalimu alipochapa karatasi, mawifi waliikagua kwa vidole, kila mmoja akitafuta zake.

"Mbona vijiti vyangu vinatazama chini na vya wifi juu?" mke aliuliza.

"Ili usiimbe zangu," dada alijibu. "Haya, imba tuone kama umepewa zote."

Wakaimba. Mke alishika noti yake ndefu, na juu yake dada akapitisha zile mbili fupi. Hakuna aliyemfuta mwenzake. Walipomaliza, walitazamana, wakacheka kidogo, kwa tahadhari.

Fundi alikohoa. "Mama Watoto, lile neno la vumbi..."

"Neno gani? Sema lisikike."

"Nilikushuku bure. Na wewe, dada. Nisameheni."

Akaikunja karatasi pamoja na barua ya maneno machache, akaitia kwenye bahasha, akabana gundi kwa kidole kilekile kilichomponza. Kisha akamkabidhi mkewe aipeleke posta.

"Hunifuati kunichunga?"

"Nenda, mke wangu. Nabandika chai."

Mkewe akatoka na bahasha mkononi. Fundi hakuchungulia hata dirishani.