Doa Jeupe Juu ya La Paz

Asubuhi ile Nélida aliamka kama kawaida, akawasha jiko, akachemsha chai, kisha akavunja barafu iliyoganda usiku kwenye maji ya kuku. Babu Eulogio hakuamka. Alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani, mtulivu kama mtu aliyechoka kubishana. Daktari alisema moyo ulikuwa umesimama. Majirani walikuja, wakalia, wakanywa supu, wakaenda zao. Jioni jua lilipoanza kushuka, hakuna mtu aliyepanda ngazi ya kwenda paani. Hapo ndipo Nélida alipoelewa kwamba babu hayupo.

Nyumba yao ilikuwa El Alto, ukingoni kabisa, mahali ambapo nyanda zinaisha ghafla na jiji la La Paz linaonekana chini kama limemwagwa ndani ya bakuli. Kila jioni babu alikuwa akipanda paani na kamera yake kulitazama jiji hilo. Kila mwaka picha yake moja ilitiwa kwenye kalenda ya don Fermín, mwenye tanuri la mikate, ambayo yeye huwagawia wateja wake mwaka unapoisha. Kalenda hiyo ilitundikwa kwa fundi cherehani, kwa muuza nyama, na jikoni kwa karibu kila mtu wa mtaa ule.

Mwezi wa kumi don Fermín alikuja, kofia mkononi.

"Doña Saturnina," alimwambia bibi yake Nélida, "sipendi kukusumbua na msiba wako. Lakini mchapishaji ananidai picha. Ana moja tayari, ya ziwa na mabata maji."

"Ziwa la wapi?" bibi aliuliza.

"Hata yeye hajui. Ila mabata ni wanene, wazuri."

Nélida aliitazama kalenda ukutani. Mwaka mzima mtaa ungetazama mabata wa watu wengine mahali pa picha ya babu.

"Nitapiga mimi," alisema.

Binamu yake Wilmer, aliyekuwa akila mkate wa don Fermín bila kualikwa, alicheka hadi makombo yakamtoka. "Wewe? Kwenye ubatizo wa Rosmery ulimkata padre kichwa."

"Padre alikuwa mrefu."

"Basi Illimani je? Mlima ule ni mfupi?"

Don Fermín alimtazama msichana, akamtazama bibi, akakuna shingo. "Haya. Nakupa mpaka baada ya sikukuu ya marehemu. Ukishindwa, mabata."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nélida alipanda paani na kamera ya babu saa sita mchana, kwa kuwa aliona mwanga ni mwingi na hautamwishia. Alipiga picha thelathini. Zilipochapishwa kwenye kibanda cha picha sokoni, jiji lilikuwa limepauka kama shati lililofuliwa mno. Nyumba hazikuwa na kivuli, zilikuwa zimebandikwa tu kama stempu. Na mbele kabisa, katikati, paliwambwa kitu kikubwa cha rangi ya waridi.

Don Fermín aliisogeza picha karibu na macho. "Huu ni mlima Illimani au sketi ya ndani ya Primitiva?"

Shangazi Primitiva, aliyeanika nguo zake paani pale, aliinyakua ile picha na kuificha kifuani.

Mara ya pili Nélida alipanda alfajiri. Jua lilichomoza upande wa mlima, likampiga usoni, na picha zote zikatoka nyeusi chini na nyeupe juu. Tena jiji zima lilikuwa limeinama upande. Wilmer alishika meza kwa mikono miwili, akajifanya anaporomoka.

Usiku huo bibi alimkuta akikunja uso juu ya sahani yake.

"Mimi sijui kamera," bibi alisema. "Ila nimeishi na babu yako miaka arobaini, na niliyemwita aje ale supu ikiwa moto ni mimi, wala hakuja. Alikuwa akikaa juu ya kreti la soda, anatazama. Nikamuuliza siku moja, unangoja nini? Akasema, asubuhi jua liko mbele yangu linanipofusha, mchana liko utosini halinisaidii, jioni liko mgongoni linanifanyia kazi."

"Na nguo za shangazi?"

"Alizianua. Akasogeza na ndoo, akamfunga mbwa, akainamisha kichwa, akasogea hatua moja kushoto. Akimaliza kuondoa vitu, ndipo anapiga. Mara nyingine hapigi, anashuka. Ndiyo sababu supu ilikuwa inapoa."

Basi Nélida akawa anapanda kila jioni. Alijifunza kuulaza ukingo wa ukuta wa paa sambamba na chini ya picha ili jiji lisiiname. Aliona kwamba Illimani ukiwekwa katikati unakaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, lakini ukiusogeza upande, jiji linapata nafasi ya kushuka bondeni. Aliona pia kwamba kuna muda mfupi, bonde likishaingia kivulini na taa zimeanza kuwaka, ambapo theluji ya mlima bado ni nyekundu. Ukienda kunywa maji, umeukosa.

Ikafika siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, siku ambayo roho za marehemu hurudi nyumbani saa sita mchana kula na watu wao hadi kesho yake. Bibi alikuwa ameandaa meza ya babu: mikate ya sura za watu, ndizi, viazi, na ile supu. Shangazi Primitiva alifika na bia, akaiona kamera juu ya kiti.

"Hii imepata mwenyewe mpya na kazi mpya," alisema, "na hamjainyunyizia?"

Kabla mtu hajajibu, alimimina bia kidogo chini kwa ajili ya ardhi, kisha akachovya vidole na kuirushia kamera matone, kama watu wa kwao wanavyobariki gari jipya au nyumba mpya. "Ifanye kazi vizuri. Isikate watu vichwa."

Jioni ile mwanga ulikuwa kama umeagizwa. Nélida alipiga picha tatu, akashuka ngazi akikimbia kwa furaha. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kilikuwa kimechubuka, hakionyeshi sawasawa, hivyo alingoja hadi picha zilipotoka sokoni.

Jiji lilikuwa limenyooka. Taa zilikuwa zinawaka bondeni, mlima mwekundu upande wa kulia. Lakini angani, kushoto, palikuwa na doa jeupe, laini, refu, na juu yake kitu kipana kidogo.

Shangazi Primitiva alikaa chini. "Kofia yake," alisema kwa sauti ndogo. "Ni Eulogio. Amekuja siku yake."

Jioni hiyo hiyo nyumba ilijaa. Muuza nyama aliona masharubu. Fundi cherehani aliona hata vifungo vya koti. Don Fermín alisema atachapisha kalenda mara mbili ya kawaida. Shangazi, ambaye tangu msiba alikuwa halali vizuri, aliibusu ile picha na kuiweka chini ya mto.

Nélida naye aliamini, kwa siku moja. Kesho yake alimpiga Wilmer picha mlangoni pa choo, na zilipotoka, doa jeupe lilikuwa limesimama ukutani kando ya Wilmer, na kofia yake vilevile.

"Babu amehamia chooni," Wilmer alisema.

Nélida hakucheka. Aliigeuza kamera, akaitazama lenzi pembeni, akaona tone lililokauka. Aliligusa. Lilinata. Alilinusa.

"Bia," alisema.

Wilmer alishusha sauti. "Futa, na usiseme. Watu wamefurahi. Ukisema, unaleta mabata."

Usiku kucha Nélida aligeuka kitandani. Picha yake ilikuwa imeshinda, shangazi alikuwa analala, na babu angekaa ukutani kwa kila mtu. Kulikuwa na kosa gani? Lakini kila alipofumba macho alimwona babu akishuka ngazi bila kupiga picha, kwa sababu mwanga haukuwa sawa.

Asubuhi alimweleza bibi. Bibi aliendelea kumenya viazi.

"Nilijua si yeye," alisema. "Babu yako alirudi saa sita akakaa mezani. Supu iko chini, yeye aende kusimama mawinguni na ubaridi ule? Wewe humjui."

"Mbona hukusema?"

"Picha ni yako. Niliona nikuachie useme mwenyewe."

Walikwenda kwenye tanuri la don Fermín wakati wateja wamejaa. Nélida alisema yote, macho yakiwa kwenye mikate. Shangazi Primitiva aliitoa picha kifuani, akaitazama, akaikwaruza kwa kucha.

"Kwa hiyo usiku mbili nimeisalia bia yangu mwenyewe," alisema.

Mtu mmoja alikohoa, mwingine akaangua kicheko, na mwisho shangazi mwenyewe akacheka huku machozi yakimshuka. "Masharubu," alimwambia muuza nyama. "Umeona masharubu."

Don Fermín hakucheka. "Mchapishaji anakuja kesho kutwa asubuhi. Sina la kufanya."

Jioni ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili mawingu yaliufunika mlima, lakini Nélida alipanda tu, akafuta lenzi kwa kitambaa safi, akaulaza ukuta sambamba, akakaa. Shangazi alianua nguo zake bila kuambiwa. Wilmer alimshika mbwa. Bibi aliita mara mbili kwamba supu inapoa.

Kisha mawingu yakapasuka upande mmoja tu, na mlima ukatokea mwekundu juu ya bonde lenye taa. Nélida alisogea hatua moja kushoto, akapiga.

Anga ilitoka tupu na safi. Don Fermín aliitazama picha muda mrefu, akauliza, "Hakuna kitu kushoto?"

"Hakuna, don Fermín. Ni anga."

"Afadhali. Nitapata pa kuandika namba yangu ya simu."

Bibi alimvuta mjukuu wake kando. "Sikiliza, mwanangu. Ile ya kwanza watu waliisifu bure, kwa kitu ambacho hukukifanya. Hii umeingojea na umeisafisha, na mtu akiisifu unaweza kumtazama machoni. Babu yako hakuacha roho kwenye kamera. Aliacha kazi, na kazi hufanywa kweli au haifanywi."

Kalenda zilitoka mwezi wa kumi na mbili. Shangazi Primitiva ametundika mbili. Picha ya kalenda ijayo pia itapigwa na Nélida, na bia sasa hunyunyiziwa mfuko wa kamera ukiwa umefungwa.