Nilidhani Mimi Ndiye Mkulima wa Filamu ya Krismasi

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, ni mkulima wa viazi hapa Kibirichia, na sina mke. Mtacheka mkisikia kwamba filamu ilichangia kunivunja moyo. Chekeni tu... hata mimi nilikuwa nikicheka.

Kila Desemba televisheni hutuonyesha filamu ileile ya Wazungu. Msichana wa mjini ana mchumba wa suti, mwenye simu isiyonyamaza. Anarudi kwao kijijini kwa Krismasi, anakutana na kijana waliyesoma naye, mkulima wa miti ya Krismasi, shati la miraba, udongo mikononi. Kufikia mkesha, wa suti ameachwa! Anasema, "Naelewa. Nenda ukafurahi," anachukua koti lake, basi. Hatumwoni tena.

Nitasema haki, ni filamu nzuri. Hakuna anayetukanwa, na baba wa yule msichana akiimba kanisani, hata mwanamume mzima hutafuta leso. Lakini theluji yake ni povu la sabuni, shamba lile halina mtu anayelipalilia, na watu wanapendana kabla hata viazi havijachipuka!

Mchumba wangu Kendi, mwalimu aliyezaliwa Githongo, aliipenda kufa. Desemba tatu mfululizo tuliitazama kwetu pamoja na mama yangu. Mama hajui Kiingereza, kwa hivyo nilimtafsiria kila neno kwa Kimeru. Mara ya kwanza mama aliuliza, "Na huyu wa koti ameenda kulala wapi?" Tulicheka mpaka Kendi akamwaga chai.

Mimi nilikuwa na raha zangu. Si mimi ndiye mkulima? Nilienda hata Meru mjini nikanunua shati la miraba! Katika filamu ile mkulima hashindwi.

Mwaka uliofuata tulipeleka asali kwa kina Kendi, wazee wao wakaionja. Kwetu, asali ikishaonjwa, msichana ana mwenyewe. Mama alikuwa ameanza kumwita mke wa mwanangu.

Desemba hiyo Kendi alienda kwao mapema. Nikaanza kusikia maneno... eti anaonekana na Mutuma, kijana waliyesoma naye, ambaye sasa ana kazi nzuri Nairobi. Nilipuuza. Mtu wa suti atanishinda mimi?

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi niliwapelekea gunia la viazi. Gari la Mutuma lilikuwa uani. Mama yake Kendi alinipokea koti, akashindwa kuniangalia usoni.

"Mwenda, please, usikasirike," Kendi aliniambia. "Mimi na Mutuma tulikuwa tunapendana tangu high school. Kumuona tena nikajua bado. Wewe ni mtu mzuri sana. Si unaelewa?"

Ee Mungu wangu! Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda, kwamba mama ameshamchagulia kiti chake jikoni. Lakini mdomo wangu ulikuwa umetafsiri maneno mengine mwaka baada ya mwaka, na ndiyo yaliyotoka.

"Naelewa," nikasema. "Enda ufurahi."

Akatabasamu, machozi yakimlengalenga, akanishukuru! Nikachukua koti langu, nikaondoka.

Wakaoana. Baadaye dada yake alinieleza kitu ambacho afadhali nisingekisikia. Kendi alilia siku ile nzima. Alisema, "Mwenda hata hakuniomba nibaki. Kumbe hakuwa ananipenda hivyo."

Je, angebaki? Sijui... na sitajua kamwe. Hilo ndilo linaloniua.

Desemba iliyopita filamu ilirudi. Nilitaka kuizima, mama akakataa. Yule wa suti alipochukua koti lake, sikutafsiri. Safari hii mama hakuuliza ameenda kulala wapi. Alisogea karibu yangu, akanifunika nusu ya blanketi lake.

Ndugu zangu, tazameni filamu hizo, ni tamu. Lakini zinaisha siku ya Krismasi, na yule aliyeachwa bado ana Januari ya kuishi. Kama moyo wako umeenda kwingine, sema kabla asali haijaonjwa. Na wewe unayeachwa, nakusihi, usiige ustaarabu wa mtu wa filamu. Lia! Mshike mkono! Mwambie, "Usiende." Akienda, aende akijua alipendwa.